Nguzo Nne za Moiben na Jua la Elgon View

Niliondoka Moiben kwa sababu ya nguzo nne. Nilizichora mwenyewe kwenye ukuta wa kanisa letu, nyuma ya madhabahu. Mzee Kirwa, mwenyekiti wa kamati, aliziangalia akasema zimelala kama magunia. Nizirekebishe, ama Jumapili ukuta upakwe rangi nyeupe. Kazi yangu ya miezi miwili, jameni! Iliniuma sana.

Saa kumi na mbili asubuhi, nilipomaliza kukamua ng'ombe, nilipanda gari la maziwa hadi Eldoret nikiwa nimekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Kwa wenyewe hatuendi mikono mitupu.

Saa tatu nilikuwa mtaa wa Elgon View, kwa Mama Nafula, mwalimu aliyestaafu kule Chepkoilel. Ukutani kwake ana picha ya jumba la Italia lenye ngazi na nguzo, iliyochapwa karne ya kumi na nane, nami nilitaka kuona nguzo hizo zilivyochorwa.

"Kwanza chai," aliniambia. "Picha haitoroki."

Picha yenyewe haina rangi, ni wino mweusi tu kwenye karatasi iliyozeeka. Lakini zile ngazi! Nilitamani kuzipanda. Nguzo zilikuwa mviringo kabisa, nyeupe upande mmoja, giza upande wa pili, na hilo giza ni mistari midogo iliyobanana. Nilifurahi mpaka chai ikapoa.

"Jua liko wapi hapo?" Mama Nafula akauliza.

"Kushoto."

"Na kwa nguzo zako?"

Kicheko kikanishika. Mimi huchora nikishakamua asubuhi, na tena nikishakamua jioni, na kila mara nilifuata tu mwanga wa dirishani. Nguzo mbili zilipata kivuli cha asubuhi, mbili cha jioni, zote ukuta mmoja.

"Kumbe ni ng'ombe walikuwa wanachora," akasema, akijimiminia mursik.

Mchana nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Picha moja, jua moja: hilo ndilo nililoenda kujifunza. Siku zilizobaki nilichora asubuhi pekee. Jioni nilifunga rangi, hata mwanga ukinibembeleza.

Jumapili Mzee Kirwa alifika mapema na ndoo yake ya rangi nyeupe. Alisimama mbele ya ukuta, akafuata vivuli kwa kidole, nguzo baada ya nguzo.

"Hapa ni saa mbili asubuhi," akasema mwishowe.

Kisha akaiweka ndoo chini ya nguzo ya kwanza, upande wa kivuli, rangi isipigwe na jua.