Sahani ya Mpishi Itamuua Bi Rukia

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo. Kama si Nyololo, basi Mlandege. Kama si Mlandege, basi Mbeya, kwenye maulidi au kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Ulikaa mkekani, ukanawa mikono, ukamwangalia mpishi akimaliza sahani nzima ya pilau mbele yako huku jasho likimchuruzika. Ulipoona anahema kama mvukuto wa mhunzi, ukageuza uso, ukamwambia mwenzako, "Huyu kanawiri, mashaallah." Kisha ukala. Ukashiba. Ukaenda zako.

Mpishi huyo ana jina. Anaitwa Rukia binti Alawi, na anaogopa kufa.

Saa kumi na moja alfajiri, mji wa Iringa ungali umejifunika ukungu, Bi Rukia anaufungua mlango wake wa Mlandege polepole ili usilie. Amejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi, ya tatu kaifunga kiunoni. Mkononi ana kapu. Ndani ya kapu hamna kitu.

"Hili ni la macho ya watu," anasema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma. "Mwanamke akionekana alfajiri mikono mitupu, haendi kuteka maji wala kuokota kuni, wataulizana anatoka kuwanga wapi. Kapu likiwepo, nina safari."

Safari yenyewe ni hii: anashuka mteremko wa Ipogolo mpaka karibu na daraja la Ruaha, kisha anaupanda tena. Basi. Anakwenda ili arudi.

Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda. Penye kona ya kwanza anasimama, kiganja kifuani, anausikiliza moyo wake kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi nje ya dirisha. Pembeni yake yupo Damari, mke wa askari, mzaliwa wa milima ya Mbeya, ambaye humsaidia kuosha mchele na kumenya vitunguu siku za karamu.

"Haya dada, zungumza," Damari anamwambia. "Ukiweza kusema, tunakwenda. Ukishindwa, tunakaa."

"Nitasema nini alfajiri yote hii?"

"Nisengenye mimi. Si nipo hapa?"

Bi Rukia anacheka, na kicheko chenyewe kinammaliza pumzi. Wanakaa juu ya jiwe.

"Sisi kwetu mlima kama huu tunaupanda na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni," Damari anamchokoza. "Wewe umebeba nini?"

"Nimejibeba mwenyewe, mwanangu. Ni mzigo huo."

Mwenye kucheka na acheke. Lakini mzigo huo haukuanguka kutoka mbinguni. Tumempakia sisi, sahani baada ya sahani.

Vijana hawajui sahani ya mpishi ilitoka wapi. Wanadhani ni ya tangu Adamu. Sivyo. Wazee wa njia hii ya Mbeya mpaka Iringa wanaikumbuka karamu moja ya mwaka 1938. Watu walikula wakatapika, na wanne wakazikwa. Sufuria zilikuwa za shaba, za kukodi, na bati la ndani lilikuwa limekwisha kwa kusuguliwa. Shaba tupu ikalala na chakula chenye ndimu na nyanya toka mchana mpaka jioni. Kila aliyewahi kushika sufuria ya shaba anajua maana yake: ni sumu. Tajiri aliyezikodisha hakuulizwa hata neno moja. Wiki iliyofuata alizikodisha kwingine. Aliyeulizwa ni mpishi. Aliyefukuzwa, yeye pamoja na watoto wake, ni mpishi. Na tangu siku hiyo ikawa sheria: mpishi apakuliwe sahani ya kilima, iliyojazwa mpaka juu, akae kwenye kigoda mbele ya wageni, ale mpaka chini ya sahani paonekane. Asipoimaliza, hakuna mkono utakaonyooshwa.

Miaka karibu ishirini imepita. Sufuria hazikaguliwi bado.

Msimu wa harusi, mavuno ya mpunga wa Ubaruku yakishaingia mjini, Bi Rukia hupika karamu mbili au tatu kwa wiki. Kila moja humpa shilingi kumi na tano na mguu wa mbuzi. Kila moja humpa pia sahani ile: wali unaong'aa samli, nyama ya mafuta, na viazi juu. Kazi hii aliirithi kwa mama yake huko Mbeya, pamoja na dada yake mkubwa, Mwanakhamisi. Wote wawili walinenepa, na wote wawili walisifiwa. Nani anamtaka mpishi mwembamba?

Mwaka juzi, kwenye harusi huko Mbeya, Mwanakhamisi alimaliza sahani yake, akajifuta midomo, akarudi jikoni kufunua sufuria.

"Akaniambia, 'Rukia, mbona giza?'" Bi Rukia anasimulia. "Jua lilikuwa la adhuhuri. Nikasema giza gani, dada? Alikuwa ameshaanguka. Watu wakasema karogwa. Mimi nilimwosha maiti. Niliziona nyayo zake zilivyovimba. Nikaziangalia zangu. Zilikuwa zile zile."

Tangu hapo hofu imehamia kwake, kama mgeni asiyeaga. Akipanda ngazi tatu, anahesabu mapigo. Akilala chali, anaona kifua kimewekewa jiwe la kusagia. Siku moja, dukani kwa mnunuzi wa mchele, makuli walimtania apande mizani. Upande mmoja gunia la Ubaruku, upande wa pili Bi Rukia. Gunia likapanda juu.

"Bi Rukia kalishinda gunia!" wakapiga kelele. Naye akacheka nao, akashuka, akaenda kukaa nyuma ya duka peke yake.

Akaamua kupungua. Na hapo akafanya kosa ambalo mtu wa dini tu ndiye angelifanya. Alinuia saumu. Si Jumatatu na Alhamisi, kama wafungavyo wenye kutaka sunna; alifunga mfululizo, bila daku, huku akisimama mbele ya majiko matatu yanayowaka. Magharibi ikiingia, anafuturu: uji, tambi za sukari, maandazi, mihogo ya nazi, kisha wali ndio chakula chenyewe.

"Nilikuwa nikijiambia nimefunga mchana kutwa, sasa ni haki yangu," anasema. "Mwezi mzima nikifunga, gauni likazidi kubana. Mume wangu akaniuliza, 'Hiyo saumu unaifunga au unaifungua?'"

Siku moja alizirai jikoni. Sufuria ya mchuzi ilimwagikia mkono wake wa kushoto, na kovu lipo mpaka leo. Ndipo alipofikishwa kwa dresa wa zahanati, Sedekia, naye akamfunga kidonda, akampima, akamwuliza anakula nini. Alipokwisha kusikia, alimwambia hivi:

"Mama, mwili huu hukuupata kwa wiki moja, na hautaondoka kwa wiki moja. Usijinyime chakula. Kula asubuhi, mchana na jioni. Nusu ya sahani iwe mboga: mnafu, majani ya maboga, mchicha, upendavyo. Robo wali au ugali. Robo maharage au samaki. Samli pima kwa kijiko cha chai, siyo kwa upawa. Sukari ipunguze kidogo kidogo mpaka ulimi usahau. Na utembee kila siku, mwendo wa kukupandisha pumzi lakini usikunyang'anye maneno."

"Nitatembea mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke, inshallah."

"Na sahani ya mpishi?"

Dresa alikunja bendeji iliyobaki. "Hiyo siwezi kukuandikia dawa, mama. Waulize wanaokaa mkekani."

Ametii. Bakuli lake kubwa amempa Damari. Yeye anakula kwenye sahani ndogo. Chai yake ya vijiko vinne sasa ina kimoja. Wiki za kwanza alikuwa akifika kona ya kwanza ya mteremko na kurudi. Sasa anafika bondeni. Akipanda mizani ya dukani, gunia halirushwi juu tena. Nyayo zimeanza kuonyesha mifupa.

Unadhani watu walifurahi? Jirani aliyekuwa akimsifu aliacha kunywa kwenye kikombe chake. "Kifua kikuu hicho," walinong'onezana. Wengine wakamgeukia mumewe, Bwana Ahmadi, fundi cherehani.

"Bwana Ahmadi, siku hizi mkeo unampimia chakula kwa futi?"

"Mimi nampimia chakula kwa futi," akajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "naye ananipimia maneno kwa yadi."

Walipoondoka, alisema jambo jingine, taratibu. "Gauni lake nimelibana mara mbili. Nitalibana hata mara kumi. Nilimzika shemeji yangu. Sitaki kupima sanda nyumbani kwangu."

Sasa sikiliza ya Nyololo, wewe uliyekuwepo.

Mwezi uliopita Bwana Philbert, mwenye lori, alimwoza mwanawe. Wageni walitoka Mufindi yote, Wakristo na Waislamu. Bi Rukia alipika toka alfajiri. Chakula kilipoiva, akapakuliwa sahani ya kilima, akakaa kwenye kigoda. "Kamwene," aliwaamkia wazee. Wakaitikia. Akala tonge la kwanza, la pili, la tatu. Akasema alhamdulillahi. Akaiweka sahani chini.

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata watoto.

"Mbona hali?" ikatoka sauti ya Mama Rozalia, shangazi wa bwana harusi. "Anajua alichotia."

"Mimi mwanamke huyu namjua," akadakia mwingine. "Alfajiri anashuka Ipogolo na kapu tupu. Nimemwona kwa macho yangu. Kapu tupu!"

Kina mama wakawavuta watoto wao. Mtu mmoja akamwaga maji ya kunawa. Bwana Philbert akaja mbio, uso umemsawijika, akapiga goti mbele ya kigoda.

"Mama, kula. Nakusihi. Unanivunjia harusi ya mwanangu."

"Baba, nimekula. Umeniona. Moyo wangu mgonjwa, sahani nzima siwezi."

"Kula tu, mama. Watakupiga hawa."

Akala. Akaimaliza. Wakasema hapana, hiyo alikuwa kaipanga, apakuliwe nyingine kutoka sufuria ya pili. Akaila na ya pili, mbele ya watu mia mbili waliokuwa wakimhesabia matonge. Hakuna aliyesema basi. Ndipo wakanyoosha mikono.

"Alipokuwa akila alikuwa akinitazama mimi," Damari anasema. "Machoni nilimwona marehemu dada yake."

Njiani kurudi, ndani ya lori, kifua kilimbana. Aliomba ashushwe, akapiga magoti kando ya barabara, akatapika huku Damari akimshika paji la uso. Dereva hakumsogelea. Na siku mbili hazikupita, maneno yakafika Iringa kabla kidonda cha aibu hakijakauka: mpishi katapika sumu yake mwenyewe.

Umeona? Sahani haikumwokoa. Alikataa, akaitwa mchawi. Alikula, akaitwa mchawi. Hata leo hakuna aliyeuliza zile sufuria za Nyololo zilikuwa na bati au hazina. Bi Rukia aliziangalia. Anasema zilikuwa nzima, kwa sababu yeye huangalia kila mara, peke yake. Karamu mbili zimemfutia kazi tangu siku ile.

Imebaki moja. Jumamosi hii, baada ya sala ya adhuhuri, kuna harusi Mlandege, na mwenye shughuli hajabadilisha mpishi. Bi Rukia ameshasema atakavyofanya. Kabla hajawasha moto ataziinamisha sufuria zote uwanjani, kila mtu atazame ndani. Anayetaka kumchunguza, aje toka asubuhi asimame naye jikoni, amwone hata atiapo chumvi. Na chakula kikiiva, atakula matonge matatu. La nne halitapita.

"Wakinyanyuka wakaondoka, kazi yangu imekwisha," anasema, vidole vikizungusha ncha ya kanga. "Na nikila, mimi nimekwisha. Nimechagua. Lakini nakwambia kweli, naogopa. Naogopa kimya kile kuliko mlima. Nataka nifike uzee. Nataka nimpikie Damari bintiye akiolewa, nipande mteremko huu kwa miguu yangu nikamwone. Basi, sina makuu."

Wewe msomaji utakuwepo Jumamosi. Mji huu ni mdogo. Usiniambie utaona siku ikifika. Nenda leo kwa mwenye kukodisha sufuria, mwambie azipake bati, na simama hapo mpaka azipake. Nenda leo kwa shangazi yako mwenye mdomo, mwambie mwanamke anayetembea alfajiri anautafuta uhai wake. Na Bi Rukia akiweka sahani chini baada ya tonge la tatu, usimtazame jirani yako atafanya nini. Vuta sinia. Nyoosha mkono. Kula wa kwanza.