Mtungi wa Oksijeni Uliobaki Ruyigi

Ndani ya wiki moja nilimkatalia kaka yangu mara mbili.

Mara zote mbili nilikuwa sawa. Muulize yeyote anayejua kazi ya mizigo ya ndege, atakuambia Assia alikuwa sawa.

Kaka yangu yuko kaburini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hii habari sijawahi kuitoa yote kwa mpigo mmoja.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nimezaliwa katikati ya magereji. Baba fundi, kaka fundi, hata mito yetu ya kulalia ilinuka grisi. Ila mimi nikapata kazi uwanja wa ndege, kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inapeleka watu na mizigo mikoani. Huo ulikuwa mwaka 2002, vita bado vinawaka.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mizigo ya hatari.

Watu wakisikia hivyo wanafikiria mabomu. Wala! Ni vitu vya nyumbani kabisa. Betri ya gari. Rangi ya ukuta. Chupa ya gesi. Jiko la petroli ambalo mtu kasahau kulimwaga. Huku chini vinakaa kimya. Ukivipeleka juu, hewa inapungua, vinavimba, vinavuja, ndege inarushwarushwa, na kule huwezi kupaki pembeni ukashuka.

Ndege yetu yenyewe ilikuwa kadogo. Abiria mbele, mizigo nyuma, katikati wavu tu.

Lakini watu waliipigania kama nini, kwa sababu barabara zilikuwa za kubahatisha. Magari yalienda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, na bado mengine yalichomwa moto njiani.

Asubuhi moja nikamwona kaka Abdu kwenye foleni ya mizigo. Kabeba gunia begani, anatabasamu kama mtu aliyefika kwake.

"Mudogo wangu! Hii inaenda Ruyigi leo. Ya hospitali."

Nilijua habari yake. Kulikuwa na hospitali ndogo upande ule, na Abdu ndiye aliyewatengenezea mashine yao ya umeme. Betri ya kuiwashia ilikuwa imekufa. Muuguzi mkuu wa pale, mama mmoja anaitwa Adélaïde, alikuwa amemtumia ujumbe: tunapasua watu kwa tochi, fanya haraka.

Nikalipokea gunia la betri. Chini lilikuwa limelowa.

Nikagusa kwa kidole. Kikaanza kuwasha, halafu kuunguza. Tindikali.

"Kaka, hii apana."

"Apana nini?"

"Inavuja. Ikimwagika kule nyuma inakula chuma, inakula nyaya. Ndani kuna watu."

"Nitaipakata kwa mapaja."

"Itakula na mapaja yako."

Foleni nzima ikacheka. Na yeye akacheka. Alidhani ni mzaha wa ndugu, kwamba nikishamaliza kujionyesha mbele ya watu nitaipitisha.

Nikamweleza taratibu. Tafuta betri isiyovuja, au hiyo izibwe vizuri. Isimame wima ndani ya sanduku gumu la plastiki. Vichwa vyake vifunikwe visigusane na chuma. Mimi nitabandika alama zake, nitamjulisha kapteni, itaenda na ndege ijayo.

"Ndege ijayo ni lini?"

"Wiki ijayo. Mafuta yamekuwa shida."

Kicheko kikaisha.

"Assia. Kuna wanawake kule wanapasuliwa gizani."

"Najua, kaka."

"We ndo unakaa hapa. Kama si we, nani atanisaidia?"

"Mi ndo naikataa, kaka. Hata ingekuwa ya baba ningeikataa."

Akaniangalia. Halafu akalinyanyua gunia, akalitupa begani na majimaji yake.

"Sawa, chef," akasema, kama anayemjibu bosi wake.

Hakukasirika. Na mimi mpaka leo natamani angekasirika. Angenitukana mbele ya foleni, angesema mi si dada yake. Ningekuwa na kitu cha kushikilia.

Keshokutwa yake wifi yangu Sijaona akanipigia simu kazini. Sijaona ni mke wa Abdu.

"Wifi, Abdu ameshaondoka."

"Ameenda wapi?"

"Ruyigi. Amepanda kamyo ya msafara tangu alfajiri. Kaiziba ile betri, kaitia kwenye beseni, kaifunga na kitenge changu. Anasema wagonjwa hawawezi kungoja wiki."

 Nikakaa juu ya mizigo ya watu.

Msafara ulishambuliwa baada ya kupita Gitega.

Risasi ilimwingia Abdu kifuani upande wa kulia. Dereva hakusimama, alikanyaga mafuta mpaka mlango wa hospitali. Na betri? Betri ilifika nzima. Waliifunga kwenye mashine, taa zikawaka, na mtu wa kwanza kulazwa chini ya taa zile alikuwa kaka yangu mwenyewe.

Walimfunga jeraha, damu ikapungua. Lakini risasi ilikuwa imebaki kwenye pafu, na kule hakukuwa na daktari wa kuitoa. Alitakiwa Bujumbura. Kwa barabara asingefika.

Wakasubiri ndege.

Mnaelewa? Ile ndege ya wiki iliyofuata, ile niliyomwambia aisubiri, ndiyo iliyoenda kumchukua.

Nilihangaika mimi mwenyewe. Nilikwenda kwa wakubwa, nikalia, abiria wawili wakakubali kuacha nafasi zao ili machela iingie. Kapteni wetu, Zénon, mtu mkimya asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Nitakuletea kaka yako." Akaruka.

Mi nikabaki kwenye chumba cha redio. Sijaona alikuwa ameshatangulia hospitali ya hapa Bujumbura na shuka safi.

Redio ikakoroma.

"Assia, ni Zénon. Niko Ruyigi, tunapakia. Kaka yako anapumua vibaya. Oksijeni ya hospitali imeisha jana. Wameazima mtungi kwa fundi wa kuchomelea hapa mjini. Niupakie?"

Sheria ilikuwa hivyo: mzigo wa namna ile kapteni hauchukui bila kuniuliza. Na oksijeni ya mgonjwa inaruhusiwa kwenye ndege, msifikiri hairuhusiwi. Lakini mtungi uwe mzima, ufungwe usicheze, na kichwa chake kiwe kisafi.

"Kichwa chake kikoje, kapteni?"

"Kimepinda kidogo. Kina grisi."

"Grisi au vumbi?"

"Grisi, Assia. Inang'aa. Wanasema kilikuwa kigumu kufunguka, wakapaka."

Nikafumba macho.

Oksijeni yenyewe haiungui. Lakini ikitoka kwa nguvu ya mtungi ikakutana na mafuta au grisi, moto unazaliwa palepale. Hauhitaji kiberiti. Na moto uliopata oksijeni ndani ya kile kibati cha ndege hauzimiki. Kulikuwa na abiria mle. Kulikuwa na mama mwenye kichanga.

"Hauwezi kusafishwa?"

"Imeingia mpaka kwenye nyuzi za skrubu za ndani. Na hapa hakuna dawa yake."

Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, halafu sauti ile ikachukua redio.

"Madame, mi ni Adélaïde, infirmière. Huyu mutu bila oksijeni sijui kama atafika. Ndege lazima ipande juu ya ile milima. Nakuomba ruhusa. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Mama, mtungi huo ukifunguliwa mle ndani unaweza kuwaunguza wote."

"Unaweza! Lakini huyu anakufa kweli! We unamjua ni nani?"

"Ni kaka yangu."

 Nikasikia kelele za upepo tu.

Nikasema, "Kapteni, uache huo mtungi."

Maneno manne. Sauti yangu hata haikutetemeka. Hicho ndicho kinachonitisha zaidi.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua, macho kwenye milima ya mashariki. Ukiwa uwanja wa ndege wa Bujumbura, milima ile unaiona yote, imesimama kama ukuta. Ndege haina njia nyingine, lazima ipande kule juu ambako hata mzima anahisi kifua chepesi, ndiyo ianze kushuka kuelekea ziwani.

Nikawa nasoma dua. Ya Rabi, iwe chini. Ya Rabi, apate bonde la kupita.

Ikatokea. Kadoa kadogo juu ya mgongo wa mlima.

Ikatua vizuri sana. Mlango ukafunguliwa. Abiria wakashuka mmoja mmoja. Mzee mmoja alikuwa analalamika kwamba begi lake limekanyagwa. Yule mama akashuka na mtoto wake mgongoni, kalala fofofo. Wakapita mbele yangu, wakaenda zao mjini.

Zénon akashuka wa mwisho. Kavua kofia.

"Juu ya milima," akasema. "Nilipita chini nilivyoweza, Assia. Nilipita chini kuliko inavyoruhusiwa."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulimzika siku ileile baada ya swala ya alasiri. Buyenzi ilijaa. Mafundi walikuja na maovaroli yao, hawakupata hata muda wa kunawa mikono.

Na hapo sasa ndipo mateso yangu yalipoanza.

Sijaona alinishika mikono yote miwili mbele ya wanawake wote matangani. "Asante wifi. Bila we angezikwa mbali, nisimwone hata uso. We ndo umemuletea ndege."

Mama yangu naye akawa anawaambia wageni, "Assia amehangaika kwa kaka yake. Mungu amlipe."

Hakuna aliyejua habari ya mtungi. Zénon hakusema. Mi nilifungua mdomo mara ngapi? Kila nikitaka kusema, mtu ananiletea chai, ananibembeleza.

Nikawa nakunywa chai ya shukrani. Kila Idi. Kila Ramadhani. Sijaona akipika pilau ananitengea ya kwangu ya kwanza, "ya wifi aliyetuletea Abdu." Nilikuwa naila. Ilikuwa inapita kooni kama mchanga.

Usiku Abdu naye anakuja ndotoni. Hanigombezi. Anasema tu, "Sawa, chef."

Mwaka 2004 barabara zikaanza kutulia kidogo. Ijumaa moja mchana tulikuwa uani kwa Sijaona, tunachambua maharage. Mlango ukabishwa. Akaingia mama mnene, amevaa msalaba mdogo shingoni, amechoka na safari.

"Hapa ni kwa marehemu Abdu?"

Kabla hajataja jina lake, sauti nikaitambua. Sauti ya redio.

Maharage yakanimwagika.

Sijaona akamkaribisha, akamletea kiti na maji. Adélaïde akatoa pole. Akasema ile mashine ya umeme bado inafanya kazi, na kuna watoto wamezaliwa chini ya taa zake. Halafu akageuka kwangu.

"We ndo dada yake? Wa uwanjani?"

"Ndiyo, mama."

"Ni we nimekufuata. Nina kitu kimenikaa hapa," akagusa kifua. "Siku ile, kabla sijakupigia kelele kwa redio, Abdu alikuwa amekwisha kusema apana."

Sikuelewa. "Apana kwa nani?"

"Kwa mtungi. Tuliuleta kando ya machela. Akaiona ile grisi. Yeye fundi, amezoea mitungi ya kuchomelea, anajua. Hakuweza kusema, alitingisha kichwa, akausukuma na mkono. Nikaurudisha. Akausukuma tena. Mi nikaona ni homa, sikutaka kumusikia. Nikakimbilia redio nitafute mutu wa kumushinda. Na we ukasema kama yeye."

Machozi yakanitoka hapohapo. Miaka miwili! Miaka miwili nimebeba ule mtungi peke yangu, kumbe mwenyewe alikuwa ameusukuma na mkono wake.

Nikataka kucheka. Wallahi, nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Halafu Sijaona akauliza, taratibu kabisa:

"Mtungi gani?"



Nikamwambia. Yote. Betri kwenye foleni, redio, grisi, maneno yangu manne. Adélaïde alikuwa anamwangalia mmoja wetu, anamwangalia mwingine, ameshika mdomo. Hakujua kwamba sijasema.

Sijaona alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja.

"Kama Abdu angesema ndiyo. Kama angelia, akuombe. We ungesema nini?"

Ningeweza kudanganya. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ningesema apana, wifi."

Akatingisha kichwa polepole.

"Basi mulikuwa wawili," akasema. "Mi ningesema ndiyo. Na yule mama na mtoto wake wangeungua, na bado ningesema ndiyo."

Akainama, akaanza kuokota maharage yangu yaliyomwagika, moja moja. Nikainama nimsaidie. Akanizuia mkono. Hakunizuia kwa ukali. Alinizuia tu.

Tangu siku ile ananisalimia vizuri, na mialiko ya Idi haijakoma. Ila pilau napakua mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma hapa, nikuachie hili. Siku ukifika uwanjani wakakufungulia begi, wakakutolea betri yako, gesi yako, usimwone yule mtu ana roho mbaya. Kazi ile ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Watu wanashuka, wanalalamikia mabegi yao, wanaenda zao. Ukiifanya wewe, hakuna atakayekuja kukushukuru kwa moto ambao haukuwaka. Lakini uliyemkatalia, huyo utamwona kila siku.

Ningejua nimekosa wapi, ningetubu, nikalala.

Nimetafuta sana hilo kosa. Sijalipata.

Na usingizi pia sijaupata.