Usilivue Shamba Nguo Kabla ya Mvua

Mwanangu, kuna siku moja hapa Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi Malawi, nikiikumbuka mwili bado unasisimka. Nilikuwa kijana, mke wangu ana mimba ya kwanza. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini jembe nililijua, na nilijisifu nalo.

Nilikodi shamba la mteremko kwa mzee mmoja Mmalawi. Agogo, babu, ndivyo tulivyomwita. Nikakuta mabua ya mahindi yamelala ovyo. Kwetu Burundi shamba chafu ni aibu. Basi nikakusanya yote, nikachoma, nikafagia hata majani. Udongo ukabaki mwekundu, safi kama uwanja wa kanisa. Jirani yangu wa shamba, Mama Furaha wa Bukavu, akacheka.

"We Mrundi, unalima ao unatandika kitanda? Acha mabua ilale! Mvua ya huku haiko kama ya kwenu."

"Mama, uvivu wako usiuite akili."

Sikio la kufa halisikii dawa; nikapanda mbegu, nikatia mbolea, nikangoja mvua. Kwetu mvua haikawii kurudi, na majani yanaushika udongo. Hapa jua linapiga miezi na miezi, udongo unakuwa unga, halafu mvua ya kwanza inamwagwa yote kwa pamoja.

Ilishuka mchana, haikumaliza hata saa moja. Nilikimbia mpaka shambani. Yesu wangu! Mbegu, mbolea, udongo wa juu, vyote vimeshuka bondeni. Umebaki mfereji na mawe. Kwa Mama Furaha, mvua ileile, mteremko uleule, maji yalijipenyeza taratibu chini ya mabua na udongo umetulia. Sikuamini macho yangu.

Agogo akaja, akatazama, akasema kwa Kichewa polepole ili nielewe: "Nilikukodisha msimu mmoja. Umeondoka na shamba la wajukuu zangu."

Mwaka ule mtoto wangu alizaliwa tukila nsima, ugali wa huku, tena wa kuomba kwa Mama Furaha yuleyule.

Leo mboga zangu zinaliwa mpaka Lilongwe, lakini nikiona vijana mnachoma mabua mkisaka panya, nashtuka upya. Mgeni, uliza kwanza mvua ya mahali. Laza mabua kukingama mteremko, panda maboga na maharage yatambae. Udongo ulio uchi hauna mtetezi.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, mwanangu. Na ikija ya hasira, ikute udongo wako umefunikwa, na watoto wako wale jasho lako mwenyewe.