Makayabu Chini ya Blanketi la Kamanda

Mzee niliyemtunza kule Uccle, kitongoji cha Brussels, miaka ya tisini, aliwahi kuongoza kikundi cha siri wakati Wajerumani walipoukalia mji huo. Baada ya vita alifanya kazi Bukavu, kwetu Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Mimi nilimwita papa, naye aliniita maman, ingawa umri wake ulikuwa mara mbili ya wangu.

Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya bastola. Alizificha chini ya godoro la gari la mtoto, akamlaza juu yake binti yake mchanga, akakatiza mji. Kwenye kituo cha tramu askari wa Kijerumani akamsaidia kulipandisha. "Mtoto mzito huyu!" askari akasema.

"Nikamujibu: anakula muzuri!" Papa alicheka hadi akakohoa. Kisha akamalizia hadithi. Mwenzake aliyezipokea bastola hizo alikamatwa wiki ile ile, wala hakurudi.

Binti huyo sasa alikuwa mama mtu mzima, na ndiye aliyempigia marufuku chumvi kwa agizo la daktari. Papa akawa anaota makayabu, samaki wa chumvi.

"Maman, leo tuko na kazi," alininong'oneza asubuhi moja. "Porte de Namur. Usiangalie nyuma."

Tulikwenda kwa teksi hadi mtaa huo wa maduka ya Wakongo. Dukani alichagua samaki mkubwa, akamlaza mapajani, akajifunika blanketi. Nikawa nasukuma kiti chake cha magurudumu huku akinifundisha: "Wakikukamata, usitaje muntu."

Tuliporudi, binti yake alikuwa mlangoni. Aliinama ambusu, akasita.

"Papa, hii harufu ni ya nini?"

Kamanda aliyewachezea Wajerumani miaka yote ile hakungoja swali la pili. Alininyooshea kidole. "Ni ya maman."

"Madame," nikasema, "inua blanketi."

Aliinua. Samaki akatutazama sote.

"Mimi nililalia bastola zako na sikumtaja mtu," binti akasema. "Wewe unamuuza mwenzako kwa ajili ya samaki?"

"Alors, ulikuwa haujajua kusema," papa alijitetea.

Nilimloweka samaki siku nzima, nikibadilisha maji mara kwa mara, nikampika kwa nyanya na vitunguu. Papa alionja, akaweka uma chini. "Hii mumeifanya nini? Haina chumvi!"

Mdomo wa binti yake ulikuwa umejaa, na mkono ulishafika kwenye bakuli.