Minza na Kijumba cha Ukutani

Saa moja asubuhi Minza Mayige amekwisha kupanda juu ya stuli, anakwangua ukuta alioupaka rangi mwenyewe miaka thelathini iliyopita.

Ni darasa la tano, katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Bariadi. Lipu imepasuka, na kamati ya shule imemwita achore upya kabla likizo haijaisha. Ujira ni shilingi elfu themanini, "na chai," anasema akicheka.

Minza, 61, amechora kuta za shule kuanzia Maswa hadi Lamadi. Enzi hizo kitabu kimoja kiligombewa na wanafunzi wanane, hivyo ukuta ndio uliokuwa kitabu. Mihimili ya dola aliichora kama mafiga matatu chini ya chungu: Bunge, Serikali, Mahakama. Uhusiano na nchi za nje ukawa mama anayeomba moto kwa jirani.

"Watu wazima wananisimamisha sokoni," anasema, akiigiza wanavyomwita mama kwa Kisukuma. "'Mayu, yale mafiga bado nayakumbuka!' Raha yake haisemeki."

Leo raha hiyo imeingia mchanga. Kwenye picha ya dini alichora kanisa, msikiti na kijumba cha nyasi cha mizimu ya ukoo. Kamati inataka kijumba kifutwe.

Kilikuwa cha baba yake, mfugaji wa Mkula, aliyeuza maksai wawili ili bintiye asome.

"Baba hakukanyaga darasa hata siku moja," anasema. "Aliingia kwa hii picha tu. Nikiifuta, nimemtoa nje kwa mkono wangu."

Saa nne anafika mwenyekiti wa kamati, Bundala, mzee wa kanisa.

"Mwangaluka, mayu. Hujakifuta tu?"

"Mwangaluka, baba. Hebu niambie, mwaka ule mvua ilipogoma, pombe ya kuwamwagia wahenga ilipikwa kwa nani?"

Bundala anatazama viatu vyake. Kisha anaangua kicheko.

"Kwa mama yangu. Lakini mayu, wewe nawe!" Anakuna kichwa. "Haya, chora. Ila kiwe kidogo."

Minza anachovya brashi. Akimaliza ukuta huu anataka kustaafu, akapumzishe mgongo kwao Mkula.

"Kitakuwa kidogo," anasema, macho yamemlowa. "Hata baba yangu mwenyewe alikuwa mfupi."