Kuku Aliyekosa Mchinjaji

Juzi nilikwenda soko la Garissa kununua kuku, mwenzangu, nikarudi mikono mitupu na hasira tele. Kijana wa pale anachinja kwa kisu butu, anakereza tu kama anakata kamba, kuku mmoja mbele ya macho ya mwenzake, kisha anawatupa kwenye pipa wakiwa bado wanapiga mabawa. Nikamwambia, "Wewe, hicho ni kiumbe!" Akanijibu bila hata kunitazama, "Mama, ni kuku tu." Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa mtoto, vinywani mwa wazee wenye heshima zao. Heshima, eti!

Ilikuwa miaka ya sitini, wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya. Serikali ilitutoa malishoni ikatukusanya kwenye kijiji kilichozungushiwa miba na waya, nje kidogo ya mji, askari mlangoni. Mifugo ilichungwa hapo hapo karibu, na nyasi zikaisha upesi. Ngamia wetu walichukuliwa, mbuzi wakafa mmoja mmoja mpaka tukabaki na kamba zao. Baba alikuwa kizuizini. Tulibaki bibi, mama na mimi, na mama ana mimba.

Jirani yetu, mama mmoja wa mjini aliyefungiwa pamoja nasi, alimpa bibi kifaranga. Sasa elewa jinsi wafugaji wetu wa zamani walivyomwona kuku: ndege wa kuchakura jalala, chakula cha mtu asiye na mifugo. Aliyemla hakusema. Bibi alikipokea kifaranga kwa vidole viwili, uso ameukunja. Lakini alikilea. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba mchwa na kukikusanyia punje za mahindi zilizomwagika siku ya posho. Jua likizama tulikifunika kwa kikapu ndani ya nyumba, na alfajiri kilitukwaruzia vumbi la mkeka. Kikawa mtetea, tena mnene kuliko sisi sote.

Mama akajifungua mtoto wa kike, na maziwa hayakutoka. Kwetu mzazi hulishwa nyama, mchuzi na samli siku arobaini. Mama alikunywa uji wa chumvi. Mtoto alilia siku mbili, na siku ya tatu sauti ikaanza kupungua. Hapo ndipo bibi alipoogopa. Akasema, "Leo kuku atachinjwa."

Achinjwe na nani? Mwanamke wa kwetu hakuzoea kuchinja. Akiwa na mnyama wa kuchinjwa, alitafuta mwanamume. Bibi akamtia kuku kwapani, mimi nikafuata na kisu nimekificha ndani ya shuka, kwa sababu bibi hakutaka kuku akione. Tukawakuta wazee kwenye kivuli cha ghala la posho, wanasimuliana habari za ngamia ambao hawakuwa nao tena. Kazi yao ilikuwa hiyo tu, kutwa kucha.

Ndugu yake babu akaweka mikono nyuma. "Mkono huu umechinja ngamia," akasema. "Niutie damu ya ndege?" Mwingine akacheka hadi akakohoa. "Ni kuku tu, mkanyage shingo." Bibi akamgeukia mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani.

"Maalim, ni halali au si halali?"

"Halali."

"Basi chinja."

Akasema ana udhu. Ana udhu! Mtoto anazimika, yeye anaogopa tone la damu ya kuku kwenye kanzu iliyokwisha kuchanika.

"Na mwanamke akichinja?" bibi akauliza.

Mwalimu akatazama chini. "Inafaa."

"Ngamia wenu wamekwenda mkitazama," bibi akawaambia. "Kaeni na hiyo mikono."

Nyumbani alinituma maji. Akamnywesha kuku kwa kiganja, taratibu, hadi akashiba. Kisu alikinoa nyuma ya nyumba. Akamlaza upande wa kushoto akimwelekeza kibla, akamfunika jicho kwa kidole gumba, akanong'ona kama anavyobembeleza mtoto. Bismillahi, Allahu akbar, mkato mmoja. Hakumwachilia arukeruke, aliyashika mabawa mpaka mwili ulipotulia wenyewe. Machozi yalimtoka, na sikuwahi kumwona bibi akilia hata ngamia walipoondoka.

Mama alikunywa ule mchuzi mpaka tone la mwisho. Kesho yake jioni maziwa yakatoka, mtoto akanyonya, bibi akasujudu pale pale. Na wale mashujaa wa ngamia? Harufu iliwafikia. Ndugu yake babu alimtuma mjukuu na bakuli, eti kuna mgonjwa. Bah! Bibi akatia maji juu ya mifupa, akachemsha tena, akampa.

Vita vikaisha, baba akarudi, nami nikafika umri wa kuposwa. Wanawake wa upande wa mume walikuja, tukawaandalia chai ya maziwa. Mazungumzo yakafika kwenye vile vijiji, wakaanza kuwacheka watu waliodhalilika hadi kula kuku. Mama mkwe wangu akanigeukia. "Nanyi je?"

Mdogo wangu, yule aliyeponea mchuzi wa kuku, alikuwa anamimina chai, mashavu yamejaa. Nikasema, "Sisi? Hata siku moja."

Bibi alikuwa mlangoni. Akanitazama, akawaambia wageni, "Ni kweli. Hatukula." Akavuta shuka lake akatoka.

Maisha yangu yote nimewasema wale wazee. Lakini wao walimkataa kuku matumbo yao yakiwa matupu. Mimi nilimkana nimeshiba. Leo Garissa nzima inakula kuku, mchana kweupe, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Ile aibu imekufa. Bibi alitangulia kufa, na msamaha sikumwomba.