Mishumaa Miwili Kooni kwa Mama

Mama yangu aliuza sukuma wiki na makaa Silanga, mtaa wa Kibera, upande wa bwawa, na ungemsikia kabla ya kuiona meza yake. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo; kina mama wengine walimngoja aanze, ndipo wamfuate. Alitoka Kitui mimi nikiwa mgongoni, akanilea Kibera peke yake. Uvimbe ulipomtokea kooni, mwanzo kama njugu, baadaye kama yai, mimi ndiye niliyeogopa. Yeye alijifunga leso shingoni akaendelea kupanga nyanya.

Daktari alimweleza wazi kwamba uvimbe lazima utolewe, na huenda sauti ikaenda nao. Siku aliyopewa ilikuwa ile inayofuata sikukuu ya mtakatifu tunayemwomba atuombee magonjwa ya koo, mwanzoni mwa Februari. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Gatina, huku Kawangware, nikifulia watu nguo. Mama akaja kukaa kwangu wiki hiyo.

Jioni ya sikukuu tulipanga foleni kanisani. Padri alishika mishumaa miwili mirefu isiyowashwa, imefungwa kwa utepe mwekundu mfano wa msalaba, akiigusisha kooni mwa kila mtu na kumwombea kwa Mungu amkinge na maradhi. Mama alifungua leso. Padri alipouona uvimbe alisita, kisha akaishikilia mishumaa pale kwa muda mrefu kuliko kwa wengine. Mimi nilikuwa nyuma ya mama. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo: chukua uvimbe, hiyo sauti usiiguse.

Upasuaji ulienda vizuri, na haikuwa saratani. Lakini mama alipofungua mdomo, kilichotoka ni mkwaruzo tu. Tulingoja wiki, tukangoja miezi. Sauti haikurudi.

Nilikasirika, nikaacha kwenda kanisani. Mama alirudi Silanga. Wateja walipoanza kumpita, alichukua kifuniko cha sufuria akawa anakigonga kwa kijiko mpaka wageuke. Kwenye jumuiya aliomba kayamba. Jirani yake ndiye aliyeanza kuongoza nyimbo, akizipandisha juu mno, na mama alimwonyesha kwa mkono azishushe.

Februari iliyofuata, asubuhi, alibisha mlango wangu. Alikuwa ametembea kutoka Silanga, akapita Makina, mpaka Kawangware, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Vaa twende," alininong'oneza. "Leo wanabariki koo."

"Koo gani, Mama? Si Mungu alishaichukua sauti yako?"

Nilijuta mara tu niliposema hivyo. Mama alikaa kitandani, akanivuta karibu ili nimsikie.

"Kwani ulifikiri nilienda kununua sauti? Nilienda kumwambia niko mikononi mwake. Bado niko."

"Na haikuumi?"

"Inaniuma. Kila Jumapili wakianza wimbo, inaniuma. Naenda hivyo hivyo."

Nikatafuta viatu.

Padri alikuwa mwingine, hakumjua mama. Alimbariki, akangoja "Amina". Mama aliitikia lakini padri hakusikia, akarudia baraka yote tangu mwanzo. Mama akaitikia tena, sasa akimkazia macho. Padri akaangalia lile kovu, akaelewa, akainamisha kichwa. Watu wa nyuma walishaanza kukohoa kwa kukosa subira, na mama hakuharakisha. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nalia, na hasira bado ninayo. Nilisimama nikabarikiwa nayo.

Tulikunywa chai ya haraka kwangu, kwa sababu mama alikuwa analetewa makaa mchana. Miaka yote iliyofuata hakukosa sikukuu hiyo hata moja, na hakuna aliyemsikia akiimba tena. Mimi nilirudi kanisani polepole, Jumapili moja baada ya nyingine. Mungu hakunieleza kwa nini, na nimeacha kungoja anieleze ndipo nimwamini. Hilo sikulipata kwa mahubiri. Nililipata kwa mwanamke aliyetembea saa nzima kwenda kumwambia Mungu Amina isiyosikika.